Darasa Lisilo na Mahafali

Ipo dua ya Mtume (s.a.w.) ya kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na elimu isiyonufaisha. Tulihifadhishwa madrasa, Tanga, tungali wadogo, na nimeiomba umri wangu wote bila kusita. Siku hizi nikifika hapo nanyamaza kidogo. Nimestaafu ukarani wa Mahakama ya Mwanzo, nina pensheni na wajukuu, na kila wiki napanda daladala kwenda chuo kikuu kukaa na vijana wanaosoma sheria ya mirathi. Shahada siitafuti. Mkuu wa idara ameridhia nikae, nisikilize, nisome vitabu humo humo maktaba. Mtihani sifanyi, na siku ya mahafali jina langu halitasomwa. Je, hii ndiyo elimu ninayoomba kuepushwa nayo?

Binti yangu, ambaye ni mhasibu, aliniuliza kwa adabu zote, "Mama, mwisho wake utapata nini?" Jirani yangu alikuja kwa upande mwingine. "Bi mkubwa," alisema, "umri huu ni wa tasbihi." Hoja ya jirani ndiyo nzito. Binti anahesabu fedha, na fedha nina jibu lake: nauli natoa mfukoni mwangu. Jirani anahesabu pumzi.

Nieleze kilichonipeleka. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu, na husikiliza kwa Kiswahili. Mafaili yale yalipita mikononi mwangu kwa miaka: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, orodha ya mali. Shamba la minazi, nyumba ya udongo iliyoezekwa bati, cherehani, ng'ombe mmoja na ndama wake. Likaja shauri la mwanamke aliyefariki bila mtoto, wazazi wake wametangulia, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja mama mmoja. Qur'ani imempa mume nusu ikiwa mke hakuacha mtoto. Dada wawili katika hali kama hiyo wamepewa theluthi mbili. Anayejua hesabu ya darasa la tano ataona tatizo mara moja: ukigawa mali mafungu sita, mume anadai matatu na dada wanadai manne. Yanatakiwa mafungu saba, na mali ni ile ile.

Mgawanyo uliotoka ulikuwa sehemu 3 kati ya 7 kwa mume, na 4 kati ya 7 kwa dada. Niliuandika kwa mkono wangu, nikapiga muhuri. Mmoja wa wale dada, mama wa makamo aliyetoka upande wa Pangani, alisimama mbele ya meza yangu na kuniuliza kilichopungua kwenye theluthi mbili zao kimekwenda wapi. Nilimwambia ndivyo sheria ilivyo. Akashukuru, akakunja karatasi yake ndani ya kanga, akaondoka.

Jibu lake nimelikuta darasani, baada ya kustaafu. Mafaqihi wanauita mgawanyo ule auli, na wanasimulia kwamba shauri la kwanza la aina hiyo lilifika kwa Khalifa Umar bin Khattab, nalo lilikuwa hilo hilo: mume na dada wawili. Umar hakuona nani atangulizwe na nani acheleweshwe. Akawashauri masahaba, na uamuzi ukawa kila mmoja apunguziwe kwa kadiri ya fungu lake, jinsi wadai wanavyogawana mali ya mtu aliyekufa na madeni makubwa kuliko alichoacha. Baada ya Umar kufa, sahaba Ibn Abbas alipinga waziwazi. Kwake yeye haiyumkiniki Mwenyezi Mungu, ambaye hesabu ya mchanga wa jangwani haimshindi, aweke katika mali moja mafungu yasiyoenea. Lazima basi wako warithi wa kutimiziwa kwanza, na wako wa kuchukua kinachobaki. Madhehebu manne ya Sunni yameshika uamuzi wa Umar. Mashia wameshika rai ya Ibn Abbas mpaka leo. Kwa rai hiyo mume angepata nusu yake kamili, na yule mama wa Pangani na mwenzake wangepungukiwa zaidi.

Nyuma ya ile saba niliyoiandika, basi, palikuwa na watu waliosali nyuma ya Mtume wakibishana kuhusu uadilifu wa Mungu na udogo wa akili ya mwanadamu. Nilikaa na hilo wiki nzima. Kijana aliyeketi pembeni yangu aliuliza kama litatoka kwenye mtihani, akapiga mstari, akaendelea na ukurasa. Simlaumu hata kidogo. Anasoma kwa mkopo wa serikali, mama yake anauza samaki, na karatasi ile ndiyo itakayomlisha. Ambaye tumbo lake limehakikishiwa asimfundishe mwenye njaa usafi wa nia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba kusoma bila shahada ni kusoma kulikotakasika. Imam Ghazali aliacha kiti chake cha ualimu katika Nizamiya ya Baghdad mwaka 1095, kiti ambacho kila mwanachuoni wa zama zake alikitamani, kwa sababu aliipekua nia yake na kuiona inaelekea cheo na sifa. Lakini hakusema kwamba mtu akiacha cheo nia inanyooka yenyewe. Hata kutojali vyeti kunaweza kuwa jambo la kujisifu. Isitoshe, Ghazali yuko karibu na jirani yangu kuliko alivyo karibu nami. Katika kitabu cha elimu, cha kwanza katika Ihyaa yake, anawakemea wanaozama katika matawi ya fiqhi ambayo umri utakwisha hayajatokea, huku wakiwa hawajui maradhi ya nyoyo zao.

Dhidi yake ninaye mwanachuoni al-Biruni, aliyefariki Ghazna katika karne hiyo hiyo ya 11. Mwandishi Yaqut al-Hamawi amesimulia kwamba faqihi mmoja alimtembelea akiwa katika sakarati, pumzi zikimbana. Al-Biruni akamuuliza juu ya suala waliloligusia siku moja, la hesabu ya mabibi katika mirathi. Faqihi akamwonea huruma: katika hali hii? Mgonjwa akamjibu kwamba kuiaga dunia akilijua suala lile ni bora kuliko kuiaga akiwa halijui. Akaelezwa, akalirudia, akalihifadhi. Faqihi hajafika mbali njiani akasikia kilio nyumbani kule.

Mhadhiri alipotusimulia kisa hicho, darasa lilicheka kwa upole. Mhadhiri wetu ni wa umri wa mwanangu wa kwanza. Kila tukikutana ananiamkia shikamoo, namwitikia marahaba, kisha anapanda jukwaani naye anakuwa mwalimu wangu. Mimi sikucheka. Kwangu kisa kile ni hoja juu ya manufaa yenyewe. Al-Biruni hakuwa na mtu wa kumgawia mirathi jioni ile. Hakuwa na kesho ya kufundisha. Ikiwa manufaa ni kazi itakayofanywa baadaye, alikufa na elimu isiyonufaisha. Sidhani kuna Mwislamu atakayethubutu kusema hivyo.

Kijana husoma kwa ajili ya atakayoyafanya. Mtu mzima, hasa aliyeshika kazi inayogusa maisha ya wenzake, husoma pia ili ajue alichokwisha kukifanya. Nimepiga muhuri kwenye maisha ya watu. Dini yangu inanitaka niihesabu nafsi yangu kabla sijahesabiwa, nami siwezi kuhesabu nisichokielewa. Tasbihi anayonihimizia jirani naivuta, alfajiri na magharibi. Lakini siku nitakapoulizwa kuhusu mafaili yale, nisingependa jibu langu liwe lile lile nililompa mama wa Pangani. Kulitafuta jibu bora nakuona kuwa sehemu ya toba, na toba haina umri wa kustaafu. Namkubalia Ghazali kwamba ugonjwa wa moyo unatangulia. Ila kutotaka kujua kilichotendwa kwa mkono wangu mwenyewe ni ugonjwa wa moyo pia.

Kulikuwa na wakati nchi hii ilifikiri hivi kwa sauti. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa mwaka 1961, kwa mfano wa Chuo cha Ruskin cha Oxford, kwa ajili ya watu wazima ambao shule iliwapita: watu wa vyama vya wafanyakazi, wa ushirika, wa TANU. Marehemu baba, mfanyakazi wa shamba la mkonge na mwanachama wa chama chao cha wafanyakazi, alikwenda huko katika miaka ile ya mwanzo. Alirudi Tanga na madaftari ya uchumi na historia, bila shahada, na hakupandishwa cheo. Ninachokumbuka ni kwamba mikutano ya shambani ilirefuka. Baba alikuwa akitaka kila matumizi yasomwe upya, pole pole, mpaka mzee asiyejua kusoma aelewe. Leo mahali pale ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na kinatoa shahada kama vyuo vingine. Nawaombea kheri wanaozipata. Nasikitika tu kwamba kiti cha mtu kama baba, aliyekuja na swali kutoka kazini na kurudi nalo kazini, kimekuwa adimu.

Maana hata mimi nimekipata kwa hisani, na nimekipata nikiwa na muda wa mchana ambao mwenye ajira hana. Nilimweleza hayo mkuu wa idara nilipokwenda kumshukuru. Nilimwomba afikirie kipindi kimoja cha jioni, kwa ada ambayo karani anaimudu, bila mtihani kwa asiyeuhitaji, na tangazo lake libandikwe kwenye mbao za Mahakama za Mwanzo. Akaniuliza nani atakuja. Nikamwambia aje karani aliyeko mezani leo, akae pale ninapokaa mimi, wakati faili liko mbele yake na wenye mirathi wangali kwenye benchi nje wakisubiri kuitwa.