Kioo na Bei Yake

Mwanadamu ana macho mawili na tamaa zisizo na idadi. Macho yakishiba kitu kimoja huomba kingine, na mkono, ambao ni mtumishi wa macho, huingia mfukoni. Kwa hiyo kununua si kazi ya mfuko peke yake; ni kazi ya hukumu. Anunuaye hutangaza, bila ya kutamka neno, ni kitu gani anachokitanguliza maishani na ni kipi anachokiweka nyuma. Swali la kununua televisheni ya plasma huonekana dogo, lakini limo katika hesabu ya maswali hayo.

Katika pwani ya Kilwa na Lindi swali hili huja kwa majira. Huja baada ya korosho kuuzwa. Mkulima hupalilia, hupuliza salfa, huokota, hupeleka ghalani, kisha fedha ya jasho la mwaka humfikia kwa mkupuo. Fedha ijayo kwa matone huondoka kwa matone; ijayo kwa mkupuo hutafuta tundu kubwa la kutokea. Katika maduka ya vyombo vilivyotumika kioo kipana cha plasma husimama mfano wa tundu hilo: kikubwa, cheusi, cha kupendeza, na bei yake huwa chini ya bei ya kioo kipya cha upana ule ule.

Haki na itangulie lawama. Kioo hiki ni tunda la akili kubwa. Kilibuniwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na Donald Bitzer, Gene Slottow na Robert Willson. Baina ya vipande viwili vya kioo vimepangwa vyumba vidogo mno vyenye gesi. Umeme ukipita, gesi hutoa mwanga usioonekana, na mwanga huo ukigusa unga uliopakwa chumbani hugeuka rangi. Kila chumba hujiwakia chenyewe, ndiyo maana giza lake ni giza kweli na weupe wake ni weupe. Mpira ukikimbia hauachi mkia. Aketiye pembeni huona sawa na aketiye katikati, na hiyo si fadhila ndogo katika nyumba ambayo wageni wake ni wengi kuliko viti.

Lakini apendaye chongo huita kengeza. Kioo cha plasma cha inchi 42 huweza kula wati 200 na zaidi, hali kioo cha LED cha upana huo hutosheka na chini ya 100. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Wilaya ya Kilwa, ilianza kufua umeme mwaka 2004. Walakini kuzaliwa karibu na kisima hakumwondolei mtu bei ya maji. Tena kioo hiki ni kizito, hutoa joto, na picha ikikaa sana mahali pamoja huacha kovu. Kubwa kuliko yote, waliokifanya wamekwisha kukiacha: Panasonic ilikoma mwishoni mwa 2013, na Samsung na LG zikafuata mwaka 2014. Basi kiuzwacho leo ni kizee, na kikiugua dawa yake hutafutwa katika maiti ya mwenziwe. Rahisi ghali.

Je, hasara hizi zatosha kumhukumu mnunuzi kuwa mpumbavu? Wako wasemao kuwa maskini hana haki ya anasa. Kilwa yenyewe hukanusha neno hilo. Mji ambao Ibn Battuta aliuona mwaka 1331 na kuusifu kwa uzuri haukuishi kwa lazima peke yake. Katika Msikiti Mdogo wa Makuba, Kilwa Kisiwani, bakuli za kung'aa zilipachikwa ndani ya dari. Bakuli ya darini haipakuliwi chakula. Ilikuwa anasa, lakini anasa iliyotoka katika mkono wa mmoja ikawa pambo la macho ya wote walioingia kusali.

Tanzania Bara nayo ilikaa bila ya televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Hoja ya kungoja ilikuwa kwamba mahitaji ya wengi yatangulie. Hoja hiyo ilikuwa na heshima yake, lakini haikuweza kuwa ya milele, kwa kuwa anyimwaye kuona kwa sababu ya shida yake huongezewa shida ya pili.

Basi kosa haliko katika kupenda kioo. Liko penginepo, nalo husahauliwa kwa urahisi. Fedha ya korosho ina mikono mingi. Mume amepuliza dawa, mke ameokota chini ya mikorosho, watoto wamebeba. Ikiwa mikono sita imechuma na macho mawili yameamua, hapo pana dhuluma, hata kama kilichonunuliwa ni kizuri. Salfa ya msimu ujao, paa livujalo na sare ya mtoto ni wadai wasio na sauti. Wajibu wa mwenye nyumba ni kuwasemea kabla ya kujisemea.

Familia iliyokaa ikashauriana, ikalipa wadai wake, ikajua umri wa kioo na kiu yake ya umeme, kisha ikanunua, haikukosa. Na ikikifungua kwa jirani ambaye angelipa kiingilio katika kibanda umiza ili aone mpira, imeipachika bakuli yake darini. Lakini kioo kilichonunuliwa kwa siri na kufungiwa chumbani, mtoto akirudishwa kutoka shule kwa kukosa sare, kitaonyesha nchi zote za dunia isipokuwa nyumba kilimo. Bei ya kitu haiandikwi dukani peke yake. Huandikwa pia katika viganja vya waliochuma fedha yake, na ni wajibu wa mnunuzi kuisoma kabla ya kulipa.