Uaminifu wa Spika Kuukuu

Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, ametuachia habari ya merikebu ya Theseus. Waathene waliihifadhi kwa kuondoa kila ubao uliooza na kutia mpya mahali pake, hata wanafalsafa wakabishana kama ile ilikuwa merikebu ile ile au nyingine. Kwa msomaji wa visiwani swali hili si geni, kwani majahazi yanayodumu hudumu kwa njia hiyo hiyo. Seremala halimsumbui: kwake jahazi ni lile linaloelea na kufika. Ila siku ambapo jahazi linauzwa, mnunuzi akauliza umri wake na aliyeliunda, swali la wanafalsafa hugeuka kuwa swali la haki.

Nataka kuliuliza swali hilo juu ya chombo ambacho aghalabu hakitajwi katika kurasa za fikra: spika kuukuu ya nyumbani. Mfano wangu ni Nyahanga, kata ya mji wa Kahama, mkoani Shinyanga, katika ukanda wa dhahabu unaoendelea hadi Geita. Katika nyumba za miji kama huu bado zimo redio kubwa za kabati na spika za mbao zilizonunuliwa na wazazi wetu, nyingi zikiwa na majina ya Kijapani na Kiholanzi. Mwenye nyumba akifa, watoto huzikuta pembeni, zimefunikwa kitambaa. Ndipo fundi redio huitwa, naye huambiwa neno moja: “Irudishe ilivyokuwa.”

Neno hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Ilivyokuwa lini, na masikioni mwa nani?

Tuanze na jina, kwa kuwa kutambua hutangulia kutengeneza. Jina lililobandikwa juu ya kitambaa cha mbele ni ushahidi dhaifu kuliko wote. Hubanduliwa kwa kisu na kubandikwa kwa gundi. Anayetaka ukweli huigeuza spika na kuitazama mgongoni. Spika nyingi za Kimarekani zilipigwa muhuri wa tarakimu kwenye chasisi: tatu za kwanza humtaja mtengenezaji, kama 220 kwa Jensen na 137 kwa CTS, na zinazofuata hutaja mwaka na wiki. Hata hivyo muhuri nao hudai akili ya msomaji. Katika spika za zamani mwaka ulionyeshwa kwa tarakimu moja tu, hivi kwamba 8 yaweza kuwa 1948 au 1958, na hapo hapana budi kuangalia mbao, waya na sumaku kabla ya kutoa hukumu.

Sumaku ina habari inayotuhusu sisi kwa karibu zaidi. Spika nyingi za zamani zilitumia alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti, ukiwa mara nyingi umefichwa ndani ya kikombe cha chuma. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilichimbwa Zaire, katika mkoa wa Shaba, ambao kabla ya hapo na baadaye uliitwa Katanga. Mkoa huo ulivamiwa mwaka 1977, ukavamiwa tena Mei 1978, mji wa Kolwezi ukatekwa, na bei ya kobalti ikapanda ghafula. Watengenezaji wengi wa spika waliokuwa bado wanatumia alniko wakahamia kwenye feraiti, ile sumaku nyeusi, pana na bapa, iliyo nyuma ya spika nyingi tunazozijua leo. Si kanuni isiyovunjika, kwa maana feraiti ilikuwapo hata kabla ya hapo. Lakini fundi wa Kahama anapolinganisha sumaku mbili anagusa kazi ya wachimbaji wanaosema Kiswahili kama yeye, katika mji wa madini kama wake. Jina la kiwanda liliandikwa mbele. La mchimbaji halikuandikwa popote. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutouchezea ule ukweli mdogo uliobaki mgongoni.

Sasa kuna hoja ambayo wenye biashara huitoa, nayo si ya kipuuzi. Husema: iwapo sanduku la zamani limetiwa spika mpya ndani, na mnunuzi ameisikia, ameipenda na ameilipia, ni nani aliyedhulumiwa? Mnunuzi alitaka sauti, naye kapata sauti.

Jibu la kwanza latoka katika ufundi wenyewe. Mwaka 1954, huko Cambridge, Massachusetts, Edgar Villchur na Henry Kloss walianza kutoa spika ambayo hewa iliyofungwa ndani ya sanduku ndiyo iliyofanya kazi ya springi, ikiirudisha koni mahali pake. Tangu hapo, na hata kwa namna nyingine kabla ya hapo, mafundi walijua kwamba sanduku si nguo ya spika; ni nusu ya mwili wake. Ukiitia humo spika isiyolingana nalo, kile kitakachonguruma si cha kiwanda cha kwanza wala cha pili. Huenda kikapendeza. Lakini jina lililo mbele linamsemea mtu maneno ambayo hakuyasema.

Jibu la pili ni la fundi wa kesho. Siku spika ile itakapoharibika, yeye atafuata jina, ataagiza kifaa cha jina lile, nacho hakitaingia. Uongo uliomfurahisha mnunuzi wa leo utalipwa na mtu ambaye hakuwapo sokoni. Dhuluma nyingi za vitu hufanyika kwa njia hii, zikimruka aliyekuwapo na kumwangukia ajaye.

Je, basi, tusibadilishe kitu? Wapo wapenzi wa vitu vya kale wanaoshika msimamo huo: kilichotoka kiwandani kisiguswe. Msimamo huu una heshima, lakini maumbile hayaukubali. Kuanzia miaka ya 1970 spika nyingi zilifungwa koni zake kwa ukingo wa sponji, na sponji ile huliwa na unyevu, joto na mwanga, hata ikiwa spika haikupigwa siku moja. Baada ya miaka kumi na tano au ishirini huanguka vumbi mkononi. Kapasita ndogo zinazomgawia twita sauti zake nyembamba nazo hukauka. Anayekataa kutengeneza kwa jina la uasili mwishoni atabaki na uasili ulio bubu. Jirani zetu Wasukuma hawakungoja falsafa kulijua hili. Ngoma za watemi zinazohifadhiwa katika makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, ni za aina ambayo kila mpigaji anaijua: mzinga hudumu, ngozi huchakaa, na ngozi mpya ikiwambwa hakuna anayesema ngoma imekufa.

Kwa hiyo tumebanwa pande mbili. Kubadilisha kwaweza kuwa uongo, na kutobadilisha kwaweza kuwa kifo. Hapa ndipo neno “irudishe ilivyokuwa” linapohitaji kufunuliwa, kwa sababu fundi ana mabwana watatu, nao hawakubaliani.

Bwana wa kwanza ni mtengenezaji, anayetaka spika itoe sauti iliyopimwa kiwandani. Wa pili ni mwimbaji aliyerekodiwa, anayetaka asikike kama alivyoimba. Wa tatu ni kumbukumbu ya aliyeileta, anayetaka sauti ya sebule ya baba yake. Tukumbuke kwamba sauti ya sebule ile yaweza kuwa ilitoka katika koni iliyopasuka na kushikizwa kwa karatasi. Ukiitengeneza vizuri, mtoto atasema: hii siyo. Naye atakuwa amesema kweli.

Jambo hili ni la zamani kuliko spika zetu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, wengi waliozipokea sahani zake walizisikia kwa santuri za kuzungushwa kwa mkono, zisizo na umeme, zilizobana sauti na kuikwaruza. Leo chombo kizuri chaweza kutoa katika sahani zile mambo ambayo wasikilizaji wa kwanza hawakuyapata. Ni nani aliye karibu na Siti: yule wa 1928 aliyesikia kidogo, au sisi tunaosikia zaidi? Naona kwamba wa kwanza alikuwa karibu na wakati wake, nasi twaweza kuwa karibu zaidi na koo lake. Ni namna mbili za ukaribu, na mtu hawezi kuzidai zote kwa chombo kimoja.

Wamarekani na Waingereza walivipa vyombo hivi sifa yenye maana ya uaminifu wa hali ya juu, kisha wakaifupisha ikawa neno ambalo sikio la Kiswahili husikia kama “haifai”. Mzaha huo una mafunzo. Sisi tulisema “kipaza sauti”, na tukalitumia jina hilo hilo kwa kinachopokea sauti na kwa kinachoitoa. Tulitazama nguvu, wao wakatazama uaminifu. Lakini uaminifu kwa nani, hawakusema. Kwa mtu anayefasiri mashairi swali hili ni la kila siku. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar mwaka 1963, kisha mwaka 1969 akaitoa upya ikiwa imesahihishwa, hata jina la kitabu likabadilika. Hakuna aliyesema kwamba ile ya kwanza pekee ndiyo ya kweli kwa kuwa ilitangulia, wala kwamba ya pili ni udanganyifu kwa kuwa ilibadilishwa. Aliyebadilisha alijitaja, na mwaka ukaandikwa.

Hapo naliona jibu. Uaminifu si kutokubadilisha. Ni kutokuficha ulichobadilisha. Spika ni amana inayopita mikononi mwa wengi, na mwenye amana huulizwa mambo mawili: je, ipo hai, na je, unasema kweli juu yake? Fundi aliyetia ukingo mpya wa raba, akabadilisha kapasita, akahifadhi zile kuukuu katika mfuko na kuandika ndani ya sanduku tarehe na kazi aliyoifanya, ametimiza yote mawili. Na kwa mtoto anayetafuta sebule ya baba yake, wajibu wa fundi ni kumwambia kwa upole kwamba sauti ile haikuwa ndani ya spika peke yake. Ilikuwa pia katika chumba, katika saa ya taarifa ya habari, na katika baba mwenyewe. Kumuuzia kumbukumbu kwa bei ya koni ni udanganyifu, hata ikiwa analia kwa furaha.

Limebaki jambo la tatu, ambalo wengi hulihesabu kuwa la samani tu: mahali pa kuiweka. Kanuni zake ni chache. Spika mbili na msikilizaji wawe pembe tatu zilizo sawa au karibu na sawa. Twita iwe usawa wa sikio la aliyeketi. Spika ikisogezwa ukutani sauti nzito huongezeka, na ikitiwa kwenye kona huzidi hadi kuyafunika maneno. Nyumba zetu za matofali, zenye sakafu ya saruji na dari tupu chini ya bati, hurudisha sauti kama mpira. Mkeka, pazia na rafu ya vitabu husaidia kuliko amplifaya mpya. Tena waya zikaguliwe kwa betri moja ya volti 1.5, ikigusishwa kwa nukta tu: koni zote mbili zitoke nje pamoja. Moja ikitoka ilhali nyingine inaingia, sauti nzito hufutika na mwimbaji hapatikani alipo. Kila moja peke yake ni nzima. Kosa liko katika kutokupatana kwao.

Kanuni hizi zote zina dhana moja ndani yake: kwamba yupo mtu aliyeketi mbele ya spika kwa hiari yake. Spika ya nyumbani iliundwa kwa ajili ya huyo. Ukiigeuza itazame mlangoni, ukaifungua hadi mwisho, umewageuza wapita njia na majirani kuwa wasikilizaji bila ya kuwauliza. Katika mji wa madini jambo hili lina uzito wa pekee. Kazi ya migodini ni ya zamu. Jirani aliyeingia kazini usiku analala saa nne asubuhi, wakati ambapo sisi twadhani hakuna aliyelala. Huyo ametoka kwenye mashine, na wengine wametoka kwenye makarasha yanayosaga mawe kutwa. Kimya ni sehemu ya ujira wao, na ujira huo ndio tunaowanyang'anya. Hata chombo chenyewe hulipa: amplifaya ndogo inayolazimishwa kupita uwezo wake hukata vilele vya mawimbi, na twita huungua. Kinachobaki ni mngurumo, na wahenga walishasema juu ya debe tupu.

Naona kwamba kutambua, kutunza na kuweka ni wajibu mmoja wenye milango mitatu. Kwanza tunamtendea haki aliyekiunda kitu, kisha atakayekirithi, na mwisho aliye ng'ambo ya ukuta. Anayejisifu kwamba spika yake ni ya asili kabisa huku jirani hapati usingizi, amelinda mbao akasahau watu. Naye anayewajali watu lakini akadanganya juu ya mbao, atakuja kuwadhuru watu hao hao kwa zamu.

Anayerithi spika ya mzee wake, basi, asianze kwa kuuliza bei yake. Aigeuze aisome mgongoni. Amwite fundi anayekubali kuandika alichobadilisha. Kisha aiweke mahali ambapo wanaotaka kuisikia wataisikia vizuri, na wasiotaka hawataisikia kabisa.