Mathayo 24 haiishii pale
Mei 2020 Ziwa Victoria lilipita kiwango chake cha 1964. Nzige na korona pia ni vya mwaka huohuo. Si ajabu Mkristo wa Musoma au Bunda, kando ya ziwa hilo, akifungua Mathayo 24, penye dalili za mwisho wa dunia. Afungue! Yesu mwenyewe alituamuru tukeshe. Tarehe, hata hivyo, alisema haijui mtu. Kule Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia ya waumini waliteketea kanisani baada ya viongozi wao kutangaza tarehe ya mwisho huo. Nami huumia tunapofunga Biblia pale penye vita na njaa, maana mahubiri yaleyale yanaendelea hadi sura ya 25, anapotutaka tumhudumie mwenye njaa, mgeni, mgonjwa. Unayekesha Musoma, ukishuka mwaloni leo, muulize mjane wa mvuvi kama watoto wamekula.