Jirani Yetu wa Chini ya Mto

Yuko jirani mmoja ambaye ni mara chache twamkumbuka tunapochunguza dhamiri zetu: ni yule achotaye maji chini yetu.

Watu wa Mabawe, wilayani Ngara, wana sababu ya kumjua. Katika nchi ile ya vilima vijito vingi hushukia mto Ruvubu. Ruvubu hukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na Kagera huingia Ziwa Viktoria. Mwaka 1994 mto huo ulichukua maiti za ndugu zetu waliouawa Rwanda hata ukazifikisha ziwani, na watu wa mwambao wa Uganda wakaogopa maji na samaki. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule ule, wakimbizi wapata 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco. Kuwapatia maji safi ilikuwa miongoni mwa kazi za kwanza, maana pasipo maji safi wengi wangekufa kwa kipindupindu na kuhara.

Siku hizo zimepita, lakini hatari haikwisha. Leo waletao uchafu ni sisi wenyewe: ajisaidiaye kichakani juu ya chemchemi, aingizaye ng'ombe kijitoni, alimaye hata ukingoni, aoshaye chombo cha dawa ya kuulia wadudu pale wengine wachotapo. Maji yaweza kung'aa machoni, na huku yamebeba homa ya matumbo. Na watoto wadogo ndio watangulio kufa.

Nabii Ezekieli aliwakemea kondoo wanene waliokunywa maji safi, kisha wakayavuruga kwa miguu yao, wenzao wakabaki na matope. Basi tusiseme, "Mimi nachota juu, ya chini hayanihusu." Amri ya tano yatukataza kuua, nayo haikuwatoa wale wauao polepole kwa uzembe.

Yatupasa nini? Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya meta 60 za kingo za mito na maziwa, tuitii. Choo kichimbwe mbali na chemchemi, wala kisiwe juu yake. Mifugo inyweshwe birikani. Maji ya kunywa yachemshwe. Akina baba nao washike majembe kuihifadhi chemchemi, wasiwaachie wake na watoto taabu yote ya maji. Na mjane asiye na nguvu ya kuchimba choo asilaumiwe. Jumuiya yake imchimbie.

Bwana wetu Yesu Kristu, akiwa amechoka kwa safari, alimwomba mwanamke Msamaria maji kwenye kisima cha Yakobo. Angepita leo kijijini petu akaomba kikombe kimoja, je, tungethubutu kumpa maji ya kijito chetu?