Hoover na Jumba Bovu

Ukitaka kujua wananchi wamemchoka kiongozi kiasi gani, achana na magazeti, sikiliza majina wanayovipa vitu. Marekani ya mwaka 1932, vibanda vya mabati na maboksi walivyojijengea watu waliopoteza nyumba zao viliitwa Hooverville, yaani mji wa Hoover. Gazeti la kujifunika usiku kwenye benchi la bustani liliitwa blanketi la Hoover. Mfuko wa suruali ukiuvuta nje kuonyesha kwamba huna hata senti, hiyo ndiyo bendera ya Hoover. Mtu aliyechaguliwa rais mwaka 1928 kwa kura 444 za wajumbe dhidi ya 87 za Al Smith, miaka minne baadaye aling'olewa na Franklin Roosevelt kwa 472 dhidi ya 59.

Jina likabaki hukohuko vibandani. John Steinbeck alipotoa The Grapes of Wrath mwaka 1939, Herbert Hoover alikuwa na miaka sita nje ya Ikulu, lakini akina Joad wanapofika California kutafuta vibarua, kambi chafu wanayojikuta humo bado inaitwa Hooverville. Hata mwaka 1977, kwenye tamthilia ya muziki ya Annie, watu wa vibandani wanamwimbia shukrani za kejeli. Sisi watu wa vitabu tunamjua jamaa huyu kupitia huko. Nami nauliza: je, tumemtendea haki, au tumemwangushia jumba bovu?

Msemo huo naupenda kwa sababu unakiri jambo ambalo wanahistoria huchukua kurasa mia kulisema. Jumba lilikuwa bovu kabla hujaingia. Nyufa zilikuwepo, mchwa walikuwepo, na waliolijenga wameshaondoka. Wewe ndiye uliyekuwa ndani lilipoanguka, basi.

Kwa upande wa tarehe, Hoover ana kesi nzuri. Aliapishwa tarehe 4 Machi 1929. Soko la hisa la New York liliporomoka mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo, hata miezi minane haijatimia. Ule ulevi wa kununua hisa kwa pesa za kukopa ulikuwa umekolea wakati wa Calvin Coolidge, na Hoover, akiwa Waziri wa Biashara, alikuwa miongoni mwa waliokuwa na wasiwasi nao. Baadaye Milton Friedman na Anna Schwartz, katika kitabu chao cha mwaka 1963, waliitupia lawama Benki Kuu kwa kuacha pesa zilizokuwa katika mzunguko zipungue kwa karibu theluthi moja huku mabenki yakifa moja baada ya jingine. Hata ile ahadi ya kuku katika kila sufuria, ambayo watu walimsuta nayo miaka yote, ilitoka kwenye tangazo la kampeni la chama chake. Yeye mwenyewe hakuitamka.

Shtaka la pili ni kwamba alikaa tu, mikono mifukoni, akingoja uchumi ujiponye. Hili nalo halisimami. Novemba 1929 aliwaita wakubwa wa viwanda Ikulu akawabembeleza wasipunguze mishahara, na kwa muda wengi walitii. Akaongeza kazi za ujenzi za serikali. Januari 1932 akaanzisha shirika la serikali la kukopesha mabenki na reli zilizokuwa zikizama. Rexford Tugwell, mmoja wa washauri wa karibu wa Roosevelt, alikuja kukiri uzeeni kwamba sehemu kubwa ya mpango wao ule maarufu ilichipuka kutoka kwenye mambo aliyoyaanza Hoover. Wapo hata wachumi wa mrengo wa kulia, Murray Rothbard akiwemo, wanaomlaumu kwa kuingilia kati kupita kiasi! Maskini Hoover, anapigwa na walio kushoto kwa kutofanya na walio kulia kwa kufanya.

Makosa yake ya wazi yapo, nayapitia haraka. Juni 1930 alitia saini sheria ya Smoot-Hawley ya kupandisha ushuru wa forodha, ingawa wachumi zaidi ya elfu moja walimwandikia wakimsihi asifanye hivyo. Nchi nyingine zikalipiza, biashara ya dunia ikazidi kunyauka. Mwaka 1932, watu wakiwa taabani, akapandisha kodi ili bajeti ilingane. Ni makosa makubwa, lakini ni ya aina ambayo kiongozi yeyote wa siku zile angeweza kuyafanya, na wengi waliyafanya.

Wanaotaka kumsafisha Hoover kwa kawaida huishia hapo, wakakunja jamvi. Kwangu mimi ndipo habari inapoanza, kwa sababu kilichowauma Wamarekani hakikuwa ushuru wa forodha. Waliumia kwa sababu walijua yeye ni nani.

Alikuwa mtu wa kulisha wenye njaa. Alizaliwa mwaka 1874 katika kijiji cha West Branch, Iowa, mtoto wa mhunzi, katika familia ya Marafiki, dhehebu lilelile ambalo wamisionari wake walifika Kaimosi, magharibi ya Kenya, mwaka 1902. Akafiwa na baba, kisha na mama, akawa yatima akiwa na miaka tisa, akapelekwa Oregon kwa mjomba. Akasoma jiolojia Stanford chuo kikiwa ndiyo kwanza kinafunguliwa, akachimba dhahabu Australia, akafanya kazi China, akatajirika kabla ya kufika miaka arobaini. Yeye na mkewe Lou Henry walitafsiri kutoka Kilatini kitabu kizito cha Agricola cha uchimbaji madini, De Re Metallica, wakakichapisha mwaka 1912. (Wenzangu wa fasihi, rais gani mwingine unayemjua aliyefanya kazi ya namna hiyo?)

Vita vya 1914 vilimkuta London. Wajerumani walikuwa wameikalia Ubelgiji, Waingereza wamefunga bahari, na watu wa Ubelgiji wamebanwa katikati bila chakula. Hoover aliunda tume, akapata ruhusa za maadui wa pande zote mbili, akaingiza ngano kwa mamilioni ya watu mwaka hadi mwaka. Wanawake wa Kibelgiji walichukua magunia matupu ya unga, wakayatarizi maua na maneno ya shukrani, wakayarudisha Marekani, kama sisi tunavyosemeshana kwa kanga. Mengine yamehifadhiwa mpaka leo West Branch. (Siwezi kuyawaza magunia yale bila kukumbuka kwamba mwaka 1916 askari wa Kongo ya Wabelgiji walipiganishwa mpaka Tabora, nyuma yao wapagazi na mizigo kichwani. Hao hawakuwa na tume London. Lakini hilo si kosa la Hoover peke yake.)

Mwaka 1921 njaa ikaingia Urusi. Hoover aliuchukia ukomunisti kwa moyo wote, na bado akapeleka chakula. Kufikia kiangazi cha 1922 shirika lake lilikuwa likilisha watu zaidi ya milioni kumi kwa siku. Hakuuliza kama wanastahili. Hakuuliza kama uji ule ungewafanya wavivu.

Sasa linganisha na miaka kumi baadaye. Ukame wa 1930 uliwaangamiza wakulima wa Arkansas na majimbo jirani. Serikali ya Hoover ilikubali kuwakopesha pesa za mbegu na malisho ya mifugo. Wabunge waliposema basi iongezwe na chakula cha watu, ikakataa. Chakula cha binadamu kilikuwa kazi ya Msalaba Mwekundu na majirani wema. Wapinzani hawakuhitaji kutafuta maneno: serikali italisha nyumbu, mwenye nyumbu ajitafutie.

Hapa ndipo swali la maadili liliponinasa, maana huwezi kulijibu kwa kusema Hoover alikuwa mkatili. Ukatili ungekuwa jibu rahisi. Yeye aliamini kwa dhati kwamba mkono wa serikali kuu ukimfikia mtu moja kwa moja, unamnyang'anya kitu: utu wake wa kujitegemea, na pia wajibu wa jirani yake kumsaidia. Ndugu husaidiwa na ndugu, mji husaidia watu wake, na Washington ikae mbali. Ukilisikia wazo hilo bila kujua limesemwa na nani, unaweza kulipenda. Sisi tuliolelewa na harambee na michango ya misiba tunajua kuna kitu cha kweli ndani yake.

Tatizo ni kwamba michango ina masharti yake: lazima jirani awe nacho. Kufikia mapema 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne Marekani hakuwa na kazi. Jirani wa kuchangia alikuwa kwenye foleni ileile ya supu. Miji ilikuwa imeishiwa. Kung'ang'ania hisani ya majirani wakati huo ni sawa na kumwambia mtu anayezama aombe msaada kwa mwenzake anayezama pembeni yake.

Na heshima hiyo aliyokuwa akiilinda, ilikuwa ya nani? Huwezi kulinda heshima ya mtu kwa kumwamulia kwamba ni bora alale njaa. Kama mama wa Arkansas angeulizwa achague kati ya kilo tano za unga wa serikali na uhuru wake wa kutotegemea serikali, jibu alikuwa nalo yeye. Hoover alimjibia. Alikuwa na hakika kuhusu nafsi ya mtu ambaye hakukaa naye, na hakika ya aina hiyo, hata ikitokana na nia njema, ina kiburi ndani yake.

Kiburi hicho kilikuwa na alama za mapema. Mto Mississippi ulipofurika mwaka 1927, Hoover ndiye aliyeongoza uokoaji, na sifa zile zilimsaidia kufika Ikulu. Lakini katika kambi za waathirika, hasa Greenville, wakulima Weusi walizuiwa kuondoka na wakafanyishwa kazi chini ya mitutu ya bunduki. Hoover aliteua kamati ya Weusi ichunguze, ikiongozwa na Robert Moton wa Tuskegee. Kamati ikaona, ikaandika. Yaliyo mabaya zaidi yakazimwa yasimharibie, na ahadi alizowapa hazikutimizwa. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba mtu mwema aliharibiwa na Ikulu. Ufa ulikuwepo. Wabelgiji walikuwa mbali na hawakumdai chochote zaidi ya chakula, ilhali Weusi wa Mississippi walikuwa raia wenzake, na raia hudai haki. Pengine ni rahisi zaidi kumlisha mtu ambaye kesho hatakuuliza swali.

Kuna pia upande wa vitabu vya hesabu. Lile shirika la mikopo la 1932 liliongozwa na Charles Dawes, aliyekuwa makamu wa rais wa Coolidge. Juni akajiuzulu, na muda si mrefu benki yake ya Chicago ikapewa mkopo wa dola milioni 90. Mtetezi wa Hoover atasema benki ile ingeanguka ingebeba na nyingine nyingi. Inawezekana kabisa. Lakini mwenye njaa aliona hivi: benki ikikopeshwa na serikali, utu wake hauharibiki, ila mimi nikipewa mkate nitaharibika. Sijakutana na mtetezi aliyelijibu hilo vizuri. Mwezi uliofuata Hoover alikubali kuyakopesha majimbo dola milioni 300 za misaada, akiwa amechelewa na akiwa hana raha.

Julai hiyohiyo, maelfu ya askari wa zamani wa vita vya 1914 walikuwa wamepiga kambi Washington wakidai kiinua mgongo walichoahidiwa kwa mwaka 1945. Polisi wakaua wawili. Hoover akaita jeshi. Jenerali Douglas MacArthur akaja na vifaru na mabomu ya machozi, akavuka daraja kinyume cha maagizo, kambi ikateketea kwa moto. Hoover hakumkana hadharani. Alibeba mzigo. Kwa Kiswahili chetu kuwajibika kuna maana hiyo pia, tangu Ali Hassan Mwinyi alipojiuzulu uwaziri mwaka 1977 kwa mauaji ya Shinyanga na Mwanza ambayo hakuyaamuru. Nampa Hoover heshima yake hapo. Ila alibeba lawama ya amri aliyoivunja mtu mwingine, wakati ile ya imani yake mwenyewe hakuigusa mpaka kufa.

Na aliishi muda mrefu wa kutosha kuigusa. Alifariki mwaka 1964 akiwa na miaka 90. Waziri wa Roosevelt alilifuta jina lake kwenye bwawa kubwa la mto Colorado, na Bunge likalirudisha mwaka 1947. Truman alimtuma kuzunguka dunia mwaka 1946 kukagua njaa iliyoachwa na vita, na kutokana na safari zake mamilioni ya watoto wa shule wa Ujerumani walipata mlo wa mchana. Watoto wa adui, na hakuuliza kama wanastahili.

Kisha mwaka 1952 ikatoka juzuu ya tatu ya kumbukumbu zake, ile ya miaka ya mdororo. Humo anawataja wale watu waliosimama kwenye kona za barabara wakiuza tufaha. Anasema wengi wao waliacha kazi zao kwa sababu kuuza tufaha kulikuwa na faida zaidi. Miaka ishirini ilikuwa imepita, alikuwa na wakati wa kwenda kumuuliza hata mmoja.