Elimu na Bei Yake

Wahenga walinena kwamba biashara haigombi. Lakini elimu na biashara zikikutana, swali gumu huzuka: je, ni haki chuo kikuu kuuza kilichovumbuliwa na wanachuoni wake?

Wapo wasemao kwamba elimu iliyotafutwa kwa fedha ya umma ni mali ya umma, na kuiuza ni kuwatoza watu mara mbili. Hoja hii ina uzito, walakini haitoshi. Tutazame mfano wa insulini.

Mwaka 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto, nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walianza kuitafuta dawa hii. Januari 1922 mgonjwa wa kisukari alidungwa kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata wao wawili na mwenzao James Collip waliiuzia chuo hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wao, kwa dola 1 kila mmoja. Walitaka asitokee mtu wa kuihodhi dawa peke yake.

Hata hivyo, biashara haikuepukika. Maabara ya chuo ilishindwa kutengeneza dawa ya kuwatosha wagonjwa, ikabidi kushirikiana na kampuni ya Eli Lilly ya Marekani. Bila kiwanda, uvumbuzi ule ungalibaki daftarini na wagonjwa wangalikufa.

Miaka ikapita, zikaja insulini mpya na hataza mpya. Bei ikapanda Marekani hata baadhi ya wagonjwa wakawa wanajipunguzia dozi. Mwaka 2023 kampuni hiyo hiyo ilitangaza kupunguza bei ya baadhi ya insulini zake kwa asilimia 70. Dola 1 ya wavumbuzi haikuweza kuulinda mlango kwa miaka mia.

Kwa maoni yangu, kuuza si kosa. Kosa ni chuo kutia sahihi mkataba bila kuuliza ni nani atakayeachwa nje kwa ajili ya bei. Swali hilo liulizwe kabla ya kuuza, kwani baadaye halina nguvu.

Nasi walimu tusicheke. Mwalimu anayelificha somo asubuhi, akiwa analipwa na umma, ili aliuze jioni kwa wenye fedha, naye ameufunga mlango ule ule. Tuanze kuufungua madarasani mwetu.