Kitufe Kilichoangukia Nje ya Skrini

Kijana mmoja wa Nakuru, mwandishi wa programu mwenye meza ya kukodi karibu na Kenyatta Avenue, alipewa kazi na kituo cha kukusanya maziwa upande wa Bahati: kompyuta ichukue nafasi ya daftari. Akaandika kwa Java, akitumia Swing, maktaba ya kutengeneza madirisha na vitufe, ambayo imekuwa ndani ya Java tangu toleo la 1.2 la mwaka 1998 na bado inafaa ofisi ambazo intaneti yake haitabiriki.

Haraka ilimponza. Vipangaji vya Swing, vinavyoamua kila kitu kikae wapi dirishani, aliviona usumbufu, akavizima kwa setLayout(null), akapima kwa macho: kisanduku cha kilo hapa, jedwali la wakulima pale, kitufe cha "Hifadhi" pikseli 1,180 kutoka ukingo wa kushoto. Kwenye laptopu yake, yenye upana wa pikseli 1,366, kila kitu kilipendeza.

Karani alikuwa na skrini kuukuu ya 1,024 kwa 768. Alfajiri, foleni ya mitungi imefika barabarani, anaandika nambari ya mwanachama, anaandika kilo, anabonyeza Enter, anafuta, anaandika za anayefuata. Saa tatu akapiga simu.

"Kijana, mbona orodha yako iko tupu?"

"Mama, ulibonyeza Hifadhi?"

"Hiyo Hifadhi iko wapi?"

Salama yao ni kwamba mama yule hakuwa ameiamini kompyuta. Daftari lilikuwa pale pale kando ya mzani.

Angejifunza siku hiyo, ingekuwa nafuu. Alikisogeza kitufe kushoto tu. Kisha karani akaomba maandishi mengine nayo yawe ya Kiswahili, na "Makato ya chakula cha mifugo" yakaishia "Makato ya cha...", kwa kuwa upana ulikuwa umefungwa kwa pikseli.

Ndipo akarudi kwa vipangaji, akaanza na BorderLayout, inayogawa dirisha sehemu tano: juu, chini, kando mbili na katikati. Akatia fomu na jedwali bila kutaja sehemu. Vyote viwili vikaenda katikati, ambako hukaa kimoja tu. Likaonekana jedwali, fomu ikatoweka, na Java haikutoa onyo lolote. Ukimya huo ndio unaowatesa wanaoanza.

Fomu akaipeleka juu, jedwali likabaki katikati ambako hutanuka dirisha linapopanuliwa, vitufe vikaenda chini ndani ya FlowLayout. Bado kulikuwa na mtego. Dirisha likipunguzwa, FlowLayout huteremsha kitufe cha mwisho kwenye mstari wa pili, lakini BorderLayout ilikuwa imetenga kimo cha mstari mmoja. "Hifadhi" ikapotea tena! Akabadilisha kwa GridLayout ya mstari mmoja, akaita pack() ili dirisha lijipime kwa vilivyomo, na ukubwa huo akaufanya kiwango cha chini.

Mwezi uliofuata karani akataka kisanduku cha makato ya dawa za ng'ombe. Kiliingia kwa mistari michache, vingine vikajisogeza vyenyewe.